Pikipiki ya safari ndefu: anza na mwili wako, si na rangi ya tangi

Mwisho wa mwaka unapokaribia, maswali ninayoletewa hubadilika. Watu huacha kidogo kuuliza kuhusu kikohozi na vidonda vya tumbo, wanaanza kuuliza kuhusu safari. Mwaka huu lililojitokeza zaidi ni la pikipiki: ninunue ipi, na je, naweza kwenda nayo Moshi, Dodoma au Mbeya?

Miongoni mwa waliouliza yumo mama mwenye kijana wa miaka 23 anayetumia dawa za kifafa. Kijana amepata kazi, ameweka akiba, sasa anataka pikipiki. Miezi minane imepita hajaanguka. Wenzake wanapanga kuondoka Dar es Salaam alfajiri na kulala Moshi siku hiyo hiyo, naye anataka kuwa kwenye msafara. Mama hakuniuliza kama mwanawe aende au asiende. Aliuliza pikipiki gani iliyo imara. Najibu hapa hadharani kwa sababu najua wazazi wengine wana swali hilo hilo kwa ugonjwa mwingine: kisukari, presha, selimundu, pumu, mguu wenye vyuma.

Jibu langu ni kwamba Desemba hii kijana asiendeshe. Hakuna pikipiki imara kuliko zote inayobadilisha jibu hilo.

Kifafa kinachodhibitiwa vizuri kwa dawa hakimzuii mtu kufanya kazi, kuoa wala kusoma. Lakini kuendesha chombo cha moto kuna kipimo chake, na kipimo hicho ni muda uliopita bila degedege. Uingereza, kwa mfano, mtu wa kawaida hutakiwa kukaa miezi 12 bila kuanguka kabla ya kuruhusiwa kuendesha gari dogo au pikipiki. Miezi minane ni habari njema, ila haijafika hapo. Na safari yenyewe imekusanya vichochezi vyote: kuamka saa 9 usiku, kuchelewa au kusahau dozi, njaa, jua, na jioni ya kufika, bia. Kukosa usingizi na kuruka dawa ni sababu kubwa mbili za mtu aliyetulia kuanguka tena. Aliye ndani ya basi akianguka, abiria wenzake watamlaza ubavu. Aliye juu ya pikipiki kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa hana wa kumlaza.

Mzazi, jambo moja zaidi kuhusu hili. Usimfiche funguo kijana wa miaka 23, wala usimtishe. Ukifanya hivyo atajifunza kukuficha yeye: atakaa kimya siku akianguka bafuni, na wengine huacha dawa kabisa ili waonekane wamepona. Nenda naye kliniki, aulize mwenyewe mbele ya daktari, na apewe tarehe ya kuliangalia upya. Kusubiri kwenye tarehe kunavumilika kuliko kukatazwa tu.

Wengine ninaowaambia wapande basi ni hawa: mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji au kuvunjika mfupa na daktari bado hajamruhusu, aliyepata kiharusi au maumivu ya kifua miezi ya karibuni, na anayebadilishiwa dozi ya dawa za presha au za usingizi. Waliobaki tunaweza kuzungumza.

Wenye kisukari wanaochoma insulini, au wanaomeza vidonge kama glibenklamaidi, adui yao barabarani ni sukari kushuka. Dalili zake ni kutetemeka, jasho, ukungu machoni na hasira zisizo na sababu. Ndani ya kofia ngumu na jaketi ni rahisi kudhani ni joto tu. Pima kabla ya kuwasha pikipiki, na pima tena kila baada ya saa mbili. Ikiwa chini ya 5, kula kwanza na usubiri ipande. Weka glukosi au soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari, mahali ambapo mkono unafika bila kufungua mizigo. Insulini isikae kwenye boksi la nyuma linalopigwa na jua wala karibu na injini. Ivae mwilini, ndani ya mkoba wa kifuani, au iweke kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana iliyopozwa kwa maji baridi, bila barafu kuigusa.

Wenye presha wana tabia moja inayonisumbua. Siku ya safari hawamezi dawa ya kukojosha kwa sababu hawataki kusimama njiani. Kisha wanakunywa kinywaji cha kuongeza nguvu ili wasisinzie. Hapo umeondoa breki na kuongeza mafuta. Muulize daktari kama dozi hiyo unaweza kuimeza ukishafika, badala ya kuiacha.

Na wote, wazima kwa wagonjwa, someni makaratasi ya dawa. Piritoni ya mafua, dawa za kikohozi zenye kodini, tramado ya mgongo, diazepamu na amitriptilini zote zinapunguza wepesi wa kuona na kuamua. Watu wengi wanaogopa bia moja lakini wanameza piritoni mbili na kuwasha injini.

Sasa tuje kwenye pikipiki.

Wengi huchagua kwa macho na kwa sifa za vijiweni. Mimi nakushauri uchague kwa miguu, kiuno na viganja. Keti kwenye siti ukiwa umevaa viatu utakavyosafiria navyo. Nyayo zote mbili ziguse chini, si ncha za vidole. Pikipiki iliyosimama ndiyo inayowaangusha wafupi: kwenye foleni, kwenye kokoto, kituo cha mafuta ukiwa na mzigo nyuma. Kisha shika usukani. Viwiko viwe vimekunjika kidogo na mgongo umenyooka. Ukilazimika kuinama kufikia usukani, uzito wa kifua utabebwa na viganja, na baada ya saa mbili vidole vitakufa ganzi. Ganzi hiyo inatokana na mishipa ya fahamu ya kiganjani kubanwa na kutikiswa, na mkono wenye ganzi unachelewa kushika breki. Mwenye maumivu ya kiuno aangalie magoti: yakikunjwa sana kwa sababu kikanyagio kipo juu, kiuno ndicho kinacholipa.

Usifanye majaribio hayo kwa dakika mbili dukani. Omba uketi robo saa, hata kama muuzaji atachoka na wewe. Ni fedha zako.

Kuhusu ukubwa wa injini, Boxer au TVS za cc 125 na 150 zinazofanya kazi mijini zinaweza kufika Moshi. Zimefika mara nyingi. Tatizo ni kwamba kwa kasi ya kilomita 80 zinakuwa zinajitahidi, mtikisiko unaongezeka, na huna nguvu iliyobaki ya kujitoa unapotaka kulipita lori. Hivyo anayesafiri na ndogo akubali mwendo wake, abaki kwenye 60, ahesabu muda kwa mwendo huo. Lakini kubwa nayo si dawa. Pikipiki ya kilo 200 kwa mtu wa kilo 55 aliyezoea ndogo ni mzigo usiodhibitika kwenye mchanga. Kama fedha inaruhusu, kitu cha kulipia zaidi ni breki kuliko kasi: breki ya diski mbele, na mfumo wa kuzuia tairi lisijifunge unaoandikwa ABS. Umoja wa Ulaya uliulazimisha kwa aina mpya za pikipiki zinazozidi cc 125 kuanzia mwaka 2016, na India ikafuata mwaka 2018. Barabara zetu zenye mchanga pembeni na mafuta ya malori katikati zinauhitaji kuliko za kwao.

Halafu nunua mapema. Mwaka 1981 ilitoka ripoti ya Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, ambaye timu yake ilikwenda kwenye eneo la tukio na kuchunguza ajali 900 za pikipiki Los Angeles. Jambo moja ndani yake halijazeeka: zaidi ya nusu ya waliopata ajali walikuwa wameitumia pikipiki ile kwa muda usiofika miezi mitano, ingawa kwa ujumla walikuwa na uzoefu wa karibu miaka mitatu wa kuendesha. Maana yake uzoefu wako wa pikipiki ya zamani hauhamii wote kwenye mpya. Anayenunua Desemba mosi na kuondoka Desemba 20 anaijua rangi yake tu.

Kofia ngumu inunuliwe siku ile ile, na bei yake iwe ndani ya bajeti ya pikipiki, si chenji iliyobaki. Tathmini kubwa ya tafiti za Cochrane ya mwaka 2008 ilikuta kofia ngumu inapunguza vifo vya waliopata ajali kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hiyo ni kofia halisi iliyofungwa. Ile ya plastiki nyepesi inayovaliwa juu ya kichwa kama bakuli, mkanda unaning'inia, kazi yake ni kumridhisha trafiki. Nunua inayofunika na kidevu. Ndani, chini ya kitambaa, lazima kuwe na povu gumu linalobonyea kwa shida, kwa sababu ndilo linalomeza kishindo. Alama ya herufi E ndani ya duara yenye namba pembeni inaonyesha imepimwa kwa viwango vya Umoja wa Mataifa, ingawa alama nazo huigwa, hivyo uzito na povu vikague mwenyewe. Ivae, funga mkanda, mwambie mtu aivute kutoka nyuma kuelekea mbele. Ikitoka, si yako. Kina dada, pimeni mkiwa na mtindo wa nywele mtakaosafiri nao. Kofia iliyopimwa juu ya nywele fupi haiingii juu ya rasta, na matokeo yake inabebwa mkononi mpaka Chalinze. Anayeogopa mapunye na chawa wa kofia za watu avae kitambaa chepesi cha pamba ndani. Na kofia ikishapigwa chini kwa nguvu mara moja, povu lake limekwisha kazi hata kama nje haijapasuka.

Nguo sitazisema sana: jaketi nene, suruali ya jinzi nzito, glovu, viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Kandambili zibaki kwenye begi.

Kupanga safari ndipo naona watu wazima wakifanya hesabu za watoto. Dar es Salaam hadi Moshi ni takriban kilomita 560. Kijana anagawanya kwa 80 na kupata saa saba. Hajahesabu vijiji na miji midogo ambako kikomo ni kilomita 50, matuta, mizani, malori, mvua za vuli, kunywa maji na kwenda chooni. Wastani wa kweli kwa pikipiki ndogo ni kama kilomita 45 hadi 50 kwa saa, pamoja na vituo. Hiyo ni saa 11 hadi 12 juu ya siti. Ukiondoka saa 12 asubuhi, utafika giza likikaribia, na kipande cha mwisho ndicho utakachoendesha ukiwa umechoka kuliko vyote.

Ndiyo maana maoni yangu ni kwamba safari hiyo ni ya siku mbili. Lala Korogwe, takriban kilomita 300 kutoka Dar, au Mombo mbele kidogo. Anayekwenda Mbeya, zaidi ya kilomita 800, ahesabu siku tatu, na ajue kwamba barabara inakatisha Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, ambako nyati na tembo hawaheshimu indiketa. Pale pitia mchana tu. Iringa kwenda mbele, Mafinga na Makambako, baridi ya asubuhi inashangaza mtu aliyetoka Dar na fulana. Mwili uliopoa unakakamaa na kuamua polepole. Gharama ya kulala gesti usiku mmoja ni ndogo kuliko tairi moja.

Kuondoka saa 9 usiku ili "kuwahi" ni kosa ninalolipinga kabisa. Mwili wa binadamu una vipindi viwili vya kusinzia, kuanzia saa 8 usiku hadi alfajiri, na saa 8 hadi saa 10 alasiri. Utafiti uliochapishwa na Dawson na Reid mwaka 1997 ulionyesha kwamba aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi za umakini kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na akifika saa 24 inakuwa karibu 0.10. Kahawa husaidia kwa muda mfupi, mirungi inakudanganya. Tiba ya usingizi ni usingizi: dakika 20 chini ya mti, pikipiki ikiwa mbali na barabara.

Simama kila baada ya saa moja na nusu hata kama huhisi uchovu. Tembea dakika kumi. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 ulikuta kwamba safari ya kukaa saa nne au zaidi huongeza takriban maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na mtu mnene, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango au aliyewahi kuganda damu yuko juu zaidi. Kunywa maji kidogo kidogo. Upepo hukausha jasho kabla hujaliona, hivyo angalia mkojo: ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa.

Watoto. Najua familia nyingi chombo pekee walicho nacho ni pikipiki, na sitajifanya wote wana gari. Kumpeleka mtoto zahanati kwa pikipiki kwa sababu hakuna njia nyingine ni jambo moja. Kumweka katikati ya baba na mama kwa kilomita 300 ni jambo jingine, na hilo silikubali. Mtoto ambaye miguu yake haifiki kwenye vikanyagio na mikono yake haizunguki kiuno cha dereva hana anachoshikilia. Akisinzia, na watoto husinzia, anaelemea upande. Kofia za watu wazima hazimkai. Zinamziba macho na kumvuta shingo. Anayekaa mbele kwenye tangi ndiye anayepokea usukani kifuani.

Mwenye mtoto wa selimundu asilifikirie kabisa. Upepo wa asubuhi na upungufu wa maji ni vitu viwili vinavyoamsha maumivu ya mifupa, na kati ya Segera na Same hutaki kuanza kutafuta dripu. Mpeleke kwa basi akiwa na sweta, chupa yake ya maji na dawa zake, hata kama mzazi mmoja atafuata na pikipiki.

Na kwa wanaohitaji chombo huko waendako: malori na baadhi ya mabasi hubeba pikipiki kwa nauli ya mzigo. Mwaga mafuta, ifunge vizuri, panda basi. Hakuna aibu ndani yake.

Kwa watakaoendesha, kabla ya kuondoka andikeni kwenye karatasi hospitali zilizopo njiani. Barabara ya kaskazini kuna Tumbi pale Kibaha, Magunga pale Korogwe, na KCMC Moshi. Karatasi hiyo iwe na ugonjwa wako, dawa na dozi, unachopatana nacho vibaya, na namba ya ndugu atakayepokea simu. Kundi la damu si lazima, hospitali itapima yenyewe. Iwe mfuko wa ndani wa jaketi pamoja na kadi ya bima, si kwenye simu yenye nywila. Ulizia pia chanjo ya pepopunda kama hukumbuki ya mwisho ulichomwa lini.

Mkikuta mwenzenu ameanguka, zuieni magari kwanza. Msimvute, wala msimvue kofia kama anapumua na kuongea. Mfungulieni kioo cha mbele. Akishindwa kupumua au akitapika ndani yake, hapo ivuliwe na watu wawili, mmoja ameshika kichwa na shingo visipinde. Damu inayotoka bandikeni nguo safi na kugandamiza bila kuchungulia kila dakika. Mguu uliovunjika ufungwe na fimbo au mguu mzima kama ulivyo, usinyooshwe. Aliyeungua na bomba la moshi amwagiwe maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, asali wala mafuta ya breki. Pigeni 112. Na tafadhali, msimbebe mtu aliyevunjika nyonga mshikaki katikati ya watu wawili kwenye pikipiki nyingine. Madhara ya uti wa mgongo yanaweza kuongezeka wakati wa kunyanyuliwa. Subirini gari lenye nafasi ya kumlaza, hata pikapu, mlazeni juu ya ubao au mlango. Mmoja aende naye hospitali akiwa na ile karatasi, mwingine abaki kwa ajili ya polisi na kufuatilia PF3, ili matibabu yasisubiri fomu.